Kwa Nini Okidi Haitaki Udongo

Mnanicheka kwamba natunza okidi kwenye kibaraza kisichotosha hata kitanda cha mtoto, tena nazifunga kwenye vipande vya magome badala ya kuzipa udongo. Chekeni, lakini sikilizeni. Zamani okidi iliishi ardhini, imejizika kama gimbi.

Huko milima ya Usambara aliishi mjane aliyeitwa Kupaza. Shamba lake lilikuwa kipande kidogo kati ya mawe mawili. Binti yake wa pekee, Nakiete, alipanda okidi hapo mlangoni, kisha akaolewa ng'ambo ya bonde. Njia ile ilichosha vijana, sembuse mama mzee. Kupaza alitamani kumwona binti yake hata chakula kikamshinda. Kila asubuhi aliisalimu okidi kabla ya kumsalimu mtu.

Mwaka mmoja njaa ikabisha hodi. Shemeji yake akamwambia, "Mama Nakiete, ua si mboga. Ling'oe hapo, upande magimbi."

Shemeji alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Kupaza akaing'oa, lakini kuitupa hakuweza. Akaipandisha kwenye panda ya mkuyu, akaifunga kwa kamba ya mgomba, akairundikia udongo na kuimwagilia kutwa, maana alichojua ni kulima magimbi. Mizizi ikaoza. Majani yakageuka manjano.

"Ndicho pekee cha mwanangu nilichobakiwa nacho," akalia, "nami nakiua kwa mikono yangu!"

Akakwangua udongo wote, akaosha mizizi iliyosalia, akaiacha wazi. "Sina pa kukuweka," akaiambia. "Shika utakachopata."

Okidi ikashika gome. Mizizi mipya ikatoka, mingine ikaning'inia hewani, ncha zimeelekea bondeni. Masika yalipokwisha ikachanua. Kupaza akaigawa mara mbili, nusu akampa msafiri ampelekee Nakiete pamoja na maneno haya: "Usiipe udongo. Ikichanua kwako, ujue na kwangu imechanua."

Hawakuonana tena.

Na tangu siku hiyo okidi huishi juu ya miti, mizizi yake ikipapasa hewa. Na kwetu, mama akimwoza binti, humgawia nusu ya okidi yake. Wangu yuko mbali, na simu yake siku hizi haipatikani. Hii mnayoiona imechanua leo asubuhi. Nimewaita kwa sababu nilitaka kumwambia mtu: na kwa mwanangu imechanua.