Kabati la Bi Subira

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Pakawa na fundi, na randa yake, na ulimi wake.

Zamani za kale, Fundi Makame aliunda makabati kwa kipimo cha nyumba ya mtu. Alipima ukuta kwa kamba, akakata, akaranda, kabati likakaa kama jino kwenye ufizi.

Bi Subira akamwagiza kabati la jikoni la kutundikwa, la mninga, mti mgumu usioliwa na mchwa, ukuta hadi ukuta. Fundi akaunda la msonobari, mti laini wa bei ndogo, akalipaka rangi ya mninga.

"Fundi, mninga huu?"
"Mninga, Bi Subira."
"Kweli?"
"Kweli tupu."
"Hebu apa."
"Wallahi, mninga!"

Bi Subira alipotoka, mchwa wakachungulia kwenye ufa wa ukuta.

"Hodi, fundi! Mti gani? Ukisema kweli, tunapita. Ukisema uongo, tunakula."

Fundi akatazama huku, akatazama kule. "Mninga!"

Kru, kru, kru.

Mwezi wa pili wakamfuata: "Mti gani?" "Mninga!" Kru, kru, kru.

Mwezi wa tatu: "Mti gani?" "Nimeshasema, mninga!" Kru, kru, kru, ndani kwa ndani, na rangi juu inang'aa.

Mungu naye ana mipango yake. Kijana wa Bi Subira akamposa Mwanahawa, binti pekee wa fundi. Asubuhi ya harusi wanawake wakapanga vyombo vya bibi harusi kabatini, na sahani za marehemu mama yake. Fundi akaitwa aje asifiwe.

Akagusa mlango. Lahaula! Kidole kikazama hadi kifundo, kama kwenye mkate uliolowa. Na Mwanahawa yuko chini ya kabati, anainua sahani ya mwisho! Akisema, aibu mbele ya wakwe. Akinyamaza, je?

"Fundi," mchwa wakanong'ona, "mti gani?"

"Msonobari!" akapiga ukelele. "Niliapa uongo! Toka, mwanangu, toka!"

Mwanahawa akaruka. Kabati likashuka lote, pwaa! Vumbi na vigae. Watu midomo wazi.

"Subhanallah! Kumbe tulikuwa tukisifu rangi!"

Bi Subira akajipangusa vumbi. "Fundi Makame, kabati hili halikuanguka leo. Lilianguka siku ile ulipoapa. Harusi iendelee. Wewe okota."

Akaokota, kigae kimoja kimoja, akilia. Kesho yake akarudi na kamba, kupima ukuta upya.

Basi, jamani, msonobari si haramu. Haramu ni kuuapia kuwa mninga.

Ngano yangu naifunga mlango. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, maana hata mimi niliwahi kukiapia kitanda. Mungu anisamehe, na aliyekinunua alale salama.