Kitambaa cha Manjano

Mji wa Zahrani ulikuwa na milango saba ya shaba na bustani za komamanga, na aliyeutawala alikuwa Sultani Ghassani bin Nadhiri, na katika enzi yake hapakuwa na njaa wala vita, na raia walimwombea dua asubuhi na jioni. Lakini palikuwa na dhuluma moja, na dhuluma hiyo ilitendwa kwa adabu na kwa ubani, na kwa kuwa ilitendwa kwa adabu hakuna aliyethubutu kuiita kwa jina lake.

Barazani pa Sultani alikaa msoma viganja aitwaye Burhani, aliyewahi kukaa kidogo Bara Hindi akajifunza nusu ya elimu ya viganja, na nusu aliyoikosa akaijaza kwa kiburi. Kwa ushauri wake ikatolewa amri kwamba mtu asioe wala asiolewe katika nyumba ya heshima wala asipewe cheo mpaka usomwe mstari wake wa kichwa, nao ni ule unaokata kiganja katikati, kutoka upande wa kidole gumba hadi ukingo wa pili. Ukinyooka, mwenyewe ana rai. Ukiinama, ana ndoto nyingi. Na ukikatika katikati, Burhani alisema, mwenyewe ni mwendawazimu, ama leo ama kesho.

Wanaume walinyoosha mkono wa kulia naye akautazama. Wanawake walisomwa wa kushoto, na kwa kuwa haikufaa mwanamume wa kando awashike mkono, walikaa nyuma ya pazia, wakapakwa manjano kiganjani, wakakigandamiza juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kwenye sinia ya fedha, na kitambaa ndicho kilichopelekwa kwa Burhani. Na katika miaka yote ile hakuonekana mwanamume hata mmoja mwenye mstari uliokatika, na wanawake walionekana wengi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hao walipelekwa Nyumba ya Utulivu, jengo lisilo na ufunguo nje ya mji, na mlinzi wake alikuwa jini Zaftari, aliyefungwa kwa pete ya akiki iliyokuwa kidoleni mwa Burhani.

Ikawa mwana wa Sultani, Haidari, alimposa Durra binti Lukmani, binti wa kadhi, msichana aliyejua hukumu zote za baba yake kwa moyo. Kitambaa chake kikaletwa, na Burhani akakiinua juu watu wakione.

"Umekatika," alisema. "Chini ya kidole cha kati."

Kadhi Lukmani akafunika uso. Haidari akainamisha macho. Na sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Burhani, wewe umesoma kitambaa. Mkono wangu huu hapa. Mbona huusomi?"

"Bibi, heshima yako hairuhusu."

"Heshima yangu inaruhusu nifungwe maisha yangu yote, ila hairuhusu utazame kiganja changu?"

Burhani akawageukia mawaziri akatabasamu. "Mnasikia wenyewe. Wazimu umekwisha kuanza."

Na wakacheka, Mungu awasamehe, maana ni rahisi kumwita mtu mwendawazimu kisha kuifanya hasira yake kuwa ushahidi.

Zaftari akamchukua Durra na kumtua katika ua wa Nyumba ya Utulivu, na wanawake wakamzunguka. Bi Rehani, aliyekuwa mkubwa wao, akamtazama juu mpaka chini.

"Karibu, kichaa mwenzetu. Wazimu wako ni wa kuimba au wa kuuma?"

"Wa kuuliza maswali, bibi."

"Lo! Huo hauna dawa."

Durra akaenda birikani akaosha manjano, na maji yalipotulia akafungua kiganja. Mstari wake ulipita kutoka ukingo hadi ukingo, mzima kama uzi. Akashika mkono wa mwanamke wa karibu naye, nao mzima. Akashika wa mwingine. Alipofika kwa Bi Rehani, akakuta ngumi.

"Uache," alisema Bi Rehani. "Sijautazama tangu siku ya kitambaa. Niliambiwa umekatika, nikaona haya kuuona."

Durra akamfungua kidole kimoja kimoja, na mstari ulikuwa mzima. Bi Rehani hakulia. Alisema, "Nilikuwa mjane, naposwa mara ya pili, wakanipokonya mtoto titini."

Basi akajongea Bi Kasturi, binti wa msoma viganja wa Gujarati, ambaye baba yake alikuwa na elimu nzima. "Nimelisema hili tangu nilipoingia, na nani humsikiliza kichaa? Kiganja kina shimo katikati, mwanangu. Ukikigandamiza juu ya sinia ngumu, shimo haliigusi sinia, na mstari wa kichwa hupita humo humo. Baba yangu aliweka bonge la pamba chini ya kitambaa ili kitambaa kiinuke mpaka shimoni. Burhani aliona kitambaa, hakuona pamba."

"Kwa hiyo sote hapa tuko wazima."

"Ila mimi." Bi Kasturi akafungua mkono wake, na mstari wake ulikuwa umekatika kweli, na kando yake mstari mwembamba umeanza kabla ule wa kwanza haujaisha. "Nilianguka darini nikiwa mtoto. Huu uliokatika ni kuumia, na huu wa pili ni kupona. Mwenye elimu huisoma yote miwili."

Zaftari aliposhuka na masinia ya chakula, Durra akasimama mbele yake.

"Ewe jini, umeamriwa nini?"

"Nisimtoe mwenye mstari uliokatika."

"Tazama mikono yetu."

Jini akainama, akatazama mkono baada ya mkono, na paji lake likakunjamana. "Sikuwahi kuambiwa nitazame," alisema. Akaonyesha kiganja chake, laini kama sahani, kisicho na mstari wowote. "Sisi hatuna kichwa chetu, bibi. Tuna amri." Na kwa kuwa amri haikuwahusu, akawabeba wote. Lakini alipofika kwa Bi Kasturi akarudisha mkono. "Wa huyu umekatika. Hatoki."

"Ndiye mwenye akili kutushinda sote!" Durra alipaza sauti.

"Nenda, mwanangu," alisema Bi Kasturi. "Hasira yako usiimalize kwa mtumwa."

Wanawake wakatuliwa katika bustani ya Sultani, naye yu peke yake anakunywa kahawa. Kabla hajaita askari, Durra akapiga magoti.

"Maulana, sitaki msamaha, maana sina kosa. Naomba kiganja chako cha kushoto, na saa moja ya kunyamaza."

Sultani akawatazama wale wanawake, akaona hakuna aliyepiga kelele ila yeye moyoni mwake, akakubali. Akapakwa manjano nyuma ya pazia, akagandamiza kitambaa kwenye sinia, na Burhani akaitwa mbele ya baraza lote, akaambiwa ni mkono kutoka nyumba kubwa.

Burhani hakukawia. "Umekatika vibaya sana. Mwenye mkono huu asiachiwe hata kisu cha kumenyea tunda. Afungiwe leo."

Pazia likafunguka, na Sultani akatoka na kiganja cha njano.

Burhani akalamba midomo. "Maulana, mikono ya wafalme ina kanuni zake..."

"Nyamaza!" Sultani akashika upanga.

"Uache upanga, Maulana," alisema Durra. "Kitambaa alikisoma yeye, lakini lango ulilifunga wewe. Nanyi mliobaki hapa mlicheka. Na mmoja wetu bado yumo mle, maana mstari wake umekatika kweli."

Mawaziri wakatazama mazulia. Sultani akakaa, na kichwa chake kikainama mbele ya raia wake.

"Na huyo uliyesema wake umekatika kweli?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliumia, akapona. Nani katika baraza hili hajapata kuumia?"

Sultani akaivua pete ya akiki kidoleni mwa Burhani, akampa Durra, na amri ya kwanza ya Durra kwa jini ikawa kumtoa Bi Kasturi, na ya pili akamwambia Zaftari, "Kuanzia leo, tazama kwanza." Akaivunja pete juu ya jiwe. Na jini alipofungua kiganja, palikuwa na mstari mmoja, mwembamba kama unywele, umeanza.

Burhani hakuuawa. Alikalishwa sokoni, na wanawake wakapita mmoja mmoja na mikono wazi, naye akatangaza kwa kila mmoja, "Mzima, na mimi nilisema uongo," na Bi Rehani alimrudisha aseme mara ya pili, kwa kuwa mwanawe, sasa mwanamume mwenye ndevu, alikuwa amechelewa kufika.

Haidari akaja kuposa tena. Durra akamwambia, "Siku ile uliinamisha macho. Nyumba ya Utulivu ina mawe mengi. Inua hayo kwanza." Akaibomoa kwa mikono yake mpaka viganja vikatoka malengelenge, na jiwe la mwisho lilipotoka akakubaliwa, na mahari aliyotaka Durra ni ule uwanja mtupu, ukapandwa komamanga, na mavuno yakawa mali ya wale wanawake na uzao wao mpaka leo.

Na anayetaka kumhukumu mwenziwe na aushike mkono wake kwanza. Maana mara nyingi pengo tulionalo kwa mtu ni pale ambapo kitambaa chetu hakikufika.