Mashine Iliyowashwa na Wawili

Watu wawili walikuwa na mtumbwi mmoja. Majina yao ni Masatu na Kaitira, wavuvi wa kijiji kimoja cha Ujita, kando ya ziwa. Waliununua ujanani, kabla hata ya kuoa. Mtumbwi wenyewe ulikuwa mzuri, lakini mashine ya kuusukuma ilikuwa imechoka tangu siku walipoipata, maana aliyewauzia alikuwa anaacha uvuvi.

Mashine hiyo haikukubali kuwashwa na mtu mmoja. Mmoja alivuta kamba, na mwenzake aliziba tundu la hewa kwa kiganja, akakiondoa mara tu iliponguruma. Akikiondoa mapema, ilizima. Akichelewa, ilijaa petroli, nao ikawabidi kukaa wakisubiri ikauke. Vibarua walijaribu kujifunza, wakashindwa, wakaenda kutafuta mitumbwi mingine. Mashine iliijua mikono ya watu wale wawili tu.

Kwa hiyo walikwenda pamoja kila alfajiri. Walikwenda pamoja hata walipokuwa wamegombana. Mwaka mmoja waligombania mpaka wa shamba la mihogo, wakafika ufukweni bila kusalimiana. Lakini nyavu zilikuwa majini tangu jana yake, na mashine haikujali ugomvi wa mtu. Kaitira akaweka kiganja, Masatu akavuta kamba. Ikagoma. Wakakaa juu ya ubao mmoja, wamepeana migongo, mpaka Kaitira akasema, "Leo imekasirika kuliko sisi." Masatu akacheka bila kutaka, na habari ya mpaka ikaishia hapo.

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile. Walioishi wakati huo wanakumbuka ukungu ukiwa bado juu ya maji, na wanaume wawili ndani ya mtumbwi usioondoka, sauti zao zikiwafikia wanawake waliokuja kuchota maji. Katika kusubiri petroli ikauke waliambiana mambo ambayo mtu hasemi akiwa na haraka. Masatu alimweleza mwenzake hofu aliyokuwa nayo kabla ya kuoa. Kaitira alilia hapo mtoto wake wa kwanza alipozaliwa akiwa hana uhai, na hakulia mahali pengine popote. Viganja vyao vilinuka petroli hata Jumapili kanisani, na Nyangeta, mke wa Kaitira, alizoea kusema kwamba ameolewa na mashine ya watu wawili.

Kisha mashine ikapasuka. Fundi aliizunguka, akaigonga kwa bisibisi, akawaambia waiage. Wakatafuta, wakapata nyingine, mpya, ikiwa bado na karatasi zake. Siku ya kuifunga watu walijaa ufukweni. Kaitira akavuta kamba mara moja, kwa mkono mmoja, ikaunguruma. Masatu alikuwa ameshanyoosha kiganja chake. Akakirudisha, akakifuta kwenye suruali, wote wakacheka, na wanawake wakapiga vigelegele. Ilikuwa mashine njema, wala sina neno baya juu yake.

Ni Kaitira aliyetoa shauri, tena kwa wema. "Mwenzangu, kwa nini tuamke wote? Wiki hii nenda wewe na kibarua, mimi nipumzike. Wiki ijayo nitakwenda mimi." Masatu akaona ni jambo la busara. Wakagawana wiki. Kila mmoja akapata nafasi ya kulima, na nyavu zikaongezeka, na nyumba zote mbili zikaezekwa bati. Hawakugombana tena hata siku moja. Hawakuwa na nafasi ya kugombana. Walisalimiana kanisani, wakasalimiana msibani, na Jumamosi walikabidhiana dumu la mafuta.

Mchana mmoja Masatu alimwona Nyangeta njiani, anatembea polepole, mkono mmoja umegusa ukuta wa nyumba ya jirani. Akampungia mkono kwa mbali. Hakuitikia. Masatu akasogea, akasimama mbele yake huku akitabasamu. Nyangeta naye akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Ni nani?"

"Shemeji, umeshanisahau mara hii?"

"Sijakusahau, shemeji," akasema. "Sikuoni."

Masatu alimshika mkono akamrudisha nyumbani. Wakamkuta Kaitira uani, anamenya mihogo, kazi ambayo zamani haikuwa yake. Masatu akamuuliza ni tangu lini. Kaitira akasema ni tangu mavuno ya mwaka uliopita, lilianza jicho la kulia, sasa la kushoto nalo linafuata.

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

Kaitira akaweka kisu chini. Hakuwa na hasira. Akamtazama mwenzake kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Ningekuambia saa ngapi?"

Masatu alitafuta jibu. Alizipitia Jumapili zote na misiba yote na madumu yote ya mafuta, na katika hayo hakuona mahali ambapo mtu angeweza kusimama akasema kwamba mke wake anapofuka. Akavuta kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya.

Kesho yake haikuwa zamu yake, lakini alfajiri alikuwa ufukweni. Alimwomba kibarua abaki nchi kavu, akaingia mtumbwini.

"Wiki hii ni yangu," Kaitira akasema.

"Najua."

Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja, wakaondoka. Kabla ya kufika kwenye nyavu, Kaitira aliizima mwenyewe. Mtumbwi ukaelea. Masatu hakumharakisha. Kisha Kaitira akaanza kueleza: jinsi Nyangeta alivyoficha mwanzoni, jinsi alivyojikata kidole, jinsi anavyoamka na kuuliza kama kumekucha. Siku hiyo samaki walifika sokoni wakiwa wamechelewa.

Masatu aliijua hospitali ya macho, kwa kuwa mama yake aliwahi kutibiwa huko. Wakampeleka Nyangeta wote wawili. Daktari akaliwahi jicho la kushoto. Kuhusu la kulia alisema tu kwamba wangekuja mapema lingepona. Kaitira akamtazama Masatu, Masatu akatazama sakafu. Wakati wa kurudi Nyangeta alikaa katikati yao, jicho limefungwa bandeji, akawauliza nani kati yao anapumua kwa nguvu namna hiyo.

Hadi leo wanakwenda ziwani pamoja. Vijana huwacheka, kwamba wazee wawili wanafanya kazi ya mmoja. Nao wanakubali kuchekwa. Zamani waliketi pamoja kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sasa wanayo, na bado wanaketi.

Nanyi ndugu zangu, ambao mashine zenu sasa zinawaka kwa mvuto mmoja: yule mliyekuwa mkihangaika naye wakati wa shida, leo mnajua anaendeleaje?