Doa la Kisigino Kwenye Zulia

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayesinzia aamshwe sasa. Kisa hiki ni cha ukoo wetu, nami sikisimulii kwa kujigamba.

Zamani nyumba za huku mlimani hazikujua zulia. Watu walitandaza majani makavu sakafuni, na baridi ya asubuhi ikawauma visigino hata hivyo. Sufu ya kondoo ilikuwa ya kufunikia watoto. Hakuna aliyefikiri kwamba mguu nao ungependa kubembelezwa.

Ndipo akaolewa hapa Anyisile, bibi ya bibi yangu, mwenye mikono myepesi na kichwa kigumu. Alisema atafuma kitu cheupe cha kutandika chini, sufu tupu. Kondoo hakuwa nao. Aliyekuwa nao ni mama mkwe wake, Subilaga, mjane mwenye kondoo sita. Kwa misimu miwili Subilaga alikata manyoya, akayaosha mtoni kwenye maji ya kutia vidole ganzi, akayatoa miiba, kisha akasokota uzi kwa kuuviringisha pajani mpaka ngozi ikachubuka. Kila alipoleta bunda alisema, "Fuma, mwanangu. Likikamilika nitakuja kulikanyaga."

Zulia likakamilika. Wanawake wa kijiji wakaja, wakanawa miguu mlangoni, wakapanda juu yake mmoja mmoja. Vishindo vya hatua vikapotea. Nyayo zikazama kwenye joto, chumba kikanukia manyoya ya kondoo yaliyokauka juani, na mwanamke mmoja akafumba macho akasema yeye haondoki leo wala kesho. Anyisile akavimba kichwa kwa sifa. Aliyesokota uzi hakumtaja.

Hapo akaingia Subilaga. Alikuwa ametembea haraka kwenye mvua, miguu imejaa matope, visigino vimepasuka magaga ya miaka mingi. Kwa furaha yake hakukumbuka kunawa. Akaweka kisigino kimoja juu ya zulia.

"Mama, miguu gani hiyo?" Anyisile akasema, mbele za watu.

Ulimi hauna mfupa. Subilaga akaurudisha mguu upesi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mikono yangu inaijua sufu hii. Nilitaka miguu nayo iijue."

Akageuka, akarudi mvuani. Wanawake wakatazama chini, kisha wakaondoka bila kuaga. Anyisile akabaki na zulia lake na alama ya kisigino. Aliisugua kwa majivu mpaka vidole vikamuuma, nayo ikabaki palepale, ya hudhurungi.

Kesho yake alikwenda kuomba radhi, akasamehewa kabla hajamaliza kusema. Subilaga hakuwa mtu wa kinyongo. Aliendelea kumtembelea mkwewe, akamletea viazi na maziwa. Lakini kila alipoingia alipita kandokando ya ukuta, kwenye udongo mtupu, akaketi na kuikunja miguu chini ya kigoda.

"Kanyaga, mama," Anyisile alimsihi.

"Nitakanyaga kesho," alijibu akitabasamu.

Alijibu hivyo miaka saba. Kisha akafa, na miguu yake haikuijua sufu ile.

Bibi yangu alipokuwa akisimulia, alijaribu siku moja kusema kwamba mwishowe mama yule alikanyaga. Akashindwa kuendelea, akafunika uso kwa khanga. Mimi pia naona haya, lakini sitawaongopea.

Baada ya maziko Anyisile alifuma zulia jingine. Upande unaoelekea mlango aliingiza sufu ya hudhurungi, upana wa kisigino kimoja, ili lisitokee tena zulia lililo safi kupita mguu wa mtu. Binti zake wakafuma vivyo hivyo, na majirani wakawafuata.

Na tangu siku hiyo kila zulia la huku kwetu lina doa lake karibu na mlango, na mgeni tunamwambia "Kanyaga" kabla ya kumwambia karibu, hata akija na matope. Watu wa mjini hushangaa, wengine hudhani tumewatukana. Waacheni wakanyage kwanza, waone ladha yake. Sisi wa ukoo wa Anyisile hupita kandokando ya ukuta.