Aliyetangulia Barazani

Hapo kale, shamba la Sultani Mwinyichande lilikuwa na magugu mengi kuliko raia wake, na hakuna raia aliyekubali kulipalilia bure. Sultani akatoa amri yenye mihuri saba: siku ya baraza kila mtu amsifu kwa maneno mapya, na yeyote atakayesema lililokwisha kusemwa barazani, atapalilia shamba hilo mwaka mzima.

Siku ilipofika, watu walisukumana kurudi nyuma, maana Sultani kabla ya kahawa alikuwa hatazamiki. Mwenyewe alichekea ndevuni. Alijua sifa zake zingekwisha kabla ya mtu wa kumi.

"Mtukufu, nianze mimi," alisema Mwanasha, muuza vitumbua.

"Mbona una haraka, bibi?"

"Nina vitumbua jikoni, bwana wangu. Vitaungua."

"Haya, sema."

Mwanasha akapiga goti. "Ewe Sultani, nakusifu kwa maneno yote yatakayosemwa hapa leo baada yangu, na mtu yeyote."

Karani akayaandika yote. Watu wakaibana midomo kwa hofu. Sultani alipoelewa, aliruka kitini kwa furaha: mji mzima umenasa kwa mkupuo mmoja!

"Basi wote mmekwisha!" akapaza sauti. "Kashikeni majembe!"

Karani, mtu makini sana wa amri, hakutamka neno. Alichovya kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, akamwinulia Sultani karatasi: "Hayo keshayasema Mwanasha. Bwana wangu atapenda jembe la mpini mrefu au mfupi?"