Lugha Hupikwa Jikoni

"Lugha hupikwa jikoni, darasani hupakuliwa." Shangazi yenu ameyasema hayo leo mchana, nanyi mmenijia mbio mkiuliza ni nani aliyewahi kuona lugha ndani ya chungu. Basi kaeni, na mwenye kucheka asicheke kabla ya mahali pake. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwenye vilima vya Wakurya palikuwa na mama kijana aitwaye Weisiko. Alikuwa na binti wa miezi mitano, Wegesa, na hamu moja iliyomwasha kama upupu: kukijua Kiswahili. Siku alipojifungua, nesi wa zahanati, Mwanakombo, mtu wa Pangani, alimweleza mambo mengi kwa upole, naye hakuambulia hata moja. Palepale akaapa kwamba mwanawe hataugua mbele ya mama bubu.

Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri alimfunga Wegesa mgongoni, huyoo, kwenye kisomo cha watu wazima. Huko alikuwa motomoto. Shida ilikuwa nyumbani. Kuni zinamngoja, maji yanamngoja, ulezi haujasagwa. Daftari alilichomeka darini akisema atalifungua kazi zikiisha. Nani amewahi kuona kazi za mama zikiisha? Usingizi ulimwahi kila siku, na asubuhi moyo ulimuuma: mwana simtazami sawasawa, kitabu sikisomi sawasawa. Mama mkwe wake, Nyakorema, naye alikuwa na ulimi. "Mke wa mwanangu," alimwambia, "daftari halinyonyeshi, wala halikamui ng'ombe."

Hata hivyo neno moja lilimkaa barabara. Kijiji kilikuwa kimeamuru kila nyumba ichimbe choo, na mwalimu akaliandika neno hilo ubaoni wiki nzima. Choo kina mlango. Choo kina paa. Weisiko alilijua kama jina lake.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa Wegesa aliamka analia, tumbo limekaza kama ngoma. Weisiko alimbeba, akashuka kilima mbio. Mkalimani wa zahanati hakuwepo. Leo ni mimi na Kiswahili changu, alijiambia, na moyo ukamdunda kwa hofu na kwa furaha pia.

Mwanakombo alimlaza mtoto kitandani, akamminyaminya tumbo, akauliza, "Mtoto amepata choo?"

Weisiko nusura aruke. Neno lake hilo!

"Bado, nesi. Hatujapata."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mwezi wa sita."

Kalamu ilimdondoka Mwanakombo. "Mwezi wa sita! Miezi mitatu mtoto hajapata choo?"

"Kuna jiwe," alieleza Weisiko, akijivunia kila neno. "Jiwe kubwa. Limeziba."

"Yarabi!" Mwanakombo aliweka vidole tumboni mwa Wegesa kulitafuta jiwe. Hakuliona. Akavuta karatasi ya rufaa, akaanza kuandika upesi. "Mtoto anakwenda hospitali ya wilaya sasa hivi. Huenda wakampasua."

Kupasua Weisiko alikujua: kupasua kuni. Akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Mmempa dawa gani?" aliuliza Mwanakombo huku anaandika.

"Dawa hapana. Baba yake anagonga kwa sururu. Kila Jumamosi."

Mwanakombo aliinua kichwa polepole. Wakatazamana. Papo hapo Wegesa akajikunja, akakaza uso, akajibu mwenyewe, kwa kishindo, mpaka kwenye aproni nyeupe ya nesi. Kilio kikakatika hapohapo.

"Hicho!" alipiga kelele Mwanakombo, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hicho ndicho choo, shoga yangu! Jiwe mwachie mumeo!"

Tumbo lilikuwa limejaa gesi tu. Lakini Weisiko hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga. "Naacha kisomo," alisema. "Neno moja, na mwanangu angepasuliwa."

Mwanakombo alikwisha kujifuta, akaketi kando yake. "Neno unalijua. Hujalikuta kwao tu. Mimi neno hilo la choo cha mtoto sikufundishwa darasani, nililisikia kwa mama, jikoni, mdogo wangu analia na wali unaungua. Wewe jikoni kwako unaongea Kiswahili?"

"Jikoni nina kazi."

"Basi humo humo kwenye kazi. Kesho nakuja kwako. Nifundishe kusonga ugali wa mtama wa kwenu, mimi nitakufundisha kutaja kila unachogusa."

Akaja, na siku zilizofuata akaja tena. Weisiko alishika mwiko, Mwanakombo akataja: koroga, songa, epua. Wegesa akinyonya walisema anacheua, amebeua, amesinzia. Daftari lilishuka darini, likapata unga na masizi. Kazi hazikupungua hata moja, ila sasa kila kazi ilikuwa na neno lake. Hata Nyakorema, aliyezoea kununa pembeni, siku moja alifoka kwa Kiswahili, "Epua, unaungua!" Wote watatu wakabaki vinywa wazi, kisha kicheko kikawaangusha.

Mwisho wa muhula mwalimu aliwataka wanafunzi watunge sentensi wakitumia neno choo. Wa kwanza akasema choo kina mlango. Wa pili akasema choo kina paa. Weisiko akasimama, Wegesa mgongoni.

"Wegesa amepata choo," alisema, "nami nimepata usingizi."

Darasa zima likalipuka. Mwalimu alipiga makofi, akauliza, "Hayo umeyatoa wapi? Mimi sijayafundisha!"

"Nyumbani, mwalimu," alisema Weisiko, uso unang'aa. "Lugha hupikwa jikoni, darasani hupakuliwa."