Mtangaza Mvua Naye Apande

Mtangaza mvua naye apande. Ndiyo methali mliyoisikia leo gulioni, na ndiyo iliyomfanya bwana shamba akunje uso na kuzima kipaza sauti. Mnataka kujua ilikotoka? Kaeni. Endeleeni kupukuchua hayo maharage, mikono haizuii masikio. Chanzo chake ni hapahapa Ngwasi, nami nilikuwepo, nikiwa na umri kama wenu, na sijasahau hata jina moja.

Vuli ya mwaka ule ilichelewa. Mnajua sisi tuko upande wa mlima ambao mvua huufikia mwisho, tena ikiwa imechoka. Masika yalikuwa yametutupa, na kila nyumba ilibakiwa na mbegu tu. Si chakula, mbegu. Zilikuwa ndani ya vibuyu juu ya jiko, kwenye moshi, ili wadudu wasiziguse. Sisi watoto tulitafuna mchicha pori huku tukivitazama vile vibuyu, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Kila asubuhi watu walitazama juu kabla hata ya kusalimiana. Mawingu yalikuja, yakakaa kileleni mpaka adhuhuri, yakaondoka. Mama yangu, aliyekuwa haachi kuimba akitwanga, alinyamaza kabisa.

Zamani hapa siku ya kupanda haikuamriwa na mtu. Aliyeona dalili aliitaja siku, na siku hiyo yeye ndiye aliyefukia mbegu ya kwanza, shambani kwake, majirani wamesimama mpakani wakimtazama mkono. Akikosea, njaa ilianzia kwake. Ndiyo maana watu hawakuwa wepesi wa kutaja siku. Tulipoletewa bwana shamba tukaitupa desturi hiyo, tukaiona ya kishamba. Tulidhani mtu aliyesoma hana haja ya kutazamwa mkono!

Bwana shamba huyo aliitwa Kihedu. Jumatatu ya gulio alipanda juu ya kreti ya soda akatangaza mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki ile, aliousikia redioni.

"Ndugu wananchi, mvua kubwa inaanza Alhamisi. Kila mtu apande sasa, mvua izikute mbegu ardhini. Ijumaa wakubwa wanakuja kukagua, na nataka Ngwasi iwe ya kwanza tarafa nzima. Shamba litakalokutwa tupu, mwenyewe atajieleza ofisini."

Mzee Mbonea, ambaye hakuwa na dogo wala kubwa asilolifanyia mzaha, alipaza sauti: "Bwana shamba, na mvua ikichelewa, nayo itajieleza ofisini?"

Watu wakacheka. Kihedu hakucheka. "Mzee, mzaha wako hauoti. Kapande."

Tukapanda. Baba aliteremsha kibuyu chetu, akakitikisa mpaka punje ya mwisho. Lile vumbi nalikumbuka: lilikuwa la moto, likameza mbegu bila kutoa sauti. Nyuma yetu kwale walikuwa wameshaanza kuparura.

Nyumba moja tu haikupanda, ya Mama Nakijwa, mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Msije mkadhani alikuwa na elimu ya mawingu. Hakuwa nayo. Alikuwa anaogopa, na alisema waziwazi kwamba anaogopa. Jumatano asubuhi Kihedu akamwendea na mgambo, na sisi majirani tukafuata.

"Mama, mbegu unazo?"

"Ninazo. Na woga ninao, bwana shamba. Karibu kigoda."

"Sikuja kukaa. Mvua ni kesho. Panda."

"Ni kesho kweli?"

"Si nimeshatangaza?"

"Basi twende kwako," akasema Nakijwa, akijifunga kanga kiunoni. "Shamba la nyuma ya ofisi tulikulimia sisi wenyewe, na bado ni tupu. Fukia wewe kwanza nikuone mkono. Mimi nina kibuyu kimoja tu, baba. Ukishafukia zako, adhuhuri hainikuti sijamaliza zangu."

Kihedu akaangalia huku na huku. Watu walikuwa wameshaanza kushuka kuelekea ofisini. Akaenda, angefanyaje? Akatoa mfuko wake wa mbegu, zile nzuri zilizopakwa dawa nyekundu. Mbonea akampa jembe. Akachimba shimo moja, akachota mbegu, akainama. Mkono ukabaki pale juu ya shimo.

"Udongo bado mkavu," akasema.

"Na wetu ni mkavu," akajibu Mbonea, na safari hii hakukuwa na mzaha.

"Mvua ikikawia, mchwa watazimaliza."

"Itakawiaje, na umeshasema Alhamisi?"

Kihedu akajifuta jasho. "Redio ilisema huenda. Huenda ikanyesha, tena katika baadhi ya maeneo."

Mama yangu aliketi chini, palepale tutani.

Nakijwa hakupiga kelele. "Hiyo 'huenda' Jumatatu uliiacha wapi?"

Kihedu alikuwa akirudisha mbegu zake mfukoni, hata iliyoanguka aliiokota.

"Kwa mawingu hatukulaumu," akasema Nakijwa, "hakuna anayeyamiliki. Ila kuanzia leo hapa Ngwasi, mtangaza mvua naye apande."

Alhamisi mbingu zilikuwa nyeupe. Mchana tuliiona mvua kule chini tambarare, imening'inia kama pazia jeusi, ikinyeshea mashamba ya watu wengine. Sisi watoto, wenzenu wa wakati ule, tulisimama tukiitazama midomo wazi. Ijumaa wakubwa walikuja, wakasifu. Shamba lililopandwa vumbini na shamba tupu yanafanana, kwa hiyo hata la Kihedu lilisifiwa.

Yetu yalimalizwa na mchwa na kwale. Mvua ilipokuja kweli, vibuyu vilikuwa vitupu. Ndipo Nakijwa akateremsha chake, akapita nyumba kwa nyumba akigawa konzi ya mbegu kwa kila mlango. Mlangoni kwa Mbonea alimkuta mzee analia. Hatukushiba mwaka ule. Mdogo wangu Naetwe hakuivuka njaa ile. Lakini mwaka uliofuata tulikuwa na mbegu, na wengi wenu mlizaliwa kwa sababu ya kibuyu kile. Kihedu? Alipandishwa cheo kwa kuwahi kupanda.

Sasa leo mmeambiwa mvua ni Jumatano, pandeni upesi. Huenda ni kweli. Nami nimetazama juu asubuhi kabla hata ya kusalimia, kama zamani. Sina ugomvi na redio, ilisema 'huenda', na ilisema kweli. Ugomvi wangu ni na mtu anayeimeza hiyo 'huenda' njiani, halafu njaa anatuachia sisi.

Kesho bwana shamba wenu wa leo atapita hapa kukagua. Mpeni kigoda, mpeni maji, msimtukane. Akishakunywa, mbebeeni jembe mwende naye mpaka shambani kwake. Simameni mpakani, nyote, mmtazame mkono. Ukishuka na mbegu, rudini mbio mpande. Ukibaki juu ya shimo, vibuyu visiteremke. Wala msihangaike kutafuta maneno ya kumwambia, Nakijwa alishayasema: mtangaza mvua naye apande.